Dhamana ya Fundi Cherehani

Sikuwaona wakipigana. Naanza na jambo hilo kwa sababu nililisema mara mbili mbele ya watu wawili waliokuwa wakiandika, na mara zote mbili nililisema kwa fahari.

Nyumba yangu iko Lambwe, upande wa Homa Bay. Ya fundi cherehani iko chini yangu kidogo, hatua mia moja na arobaini kutoka lango langu hadi lake. Nilikuwa mpima ardhi katika mashamba ya miwa kule Awendo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na miguu yangu haijaacha kazi hata baada ya mimi kustaafu. Fundi alishonea sare shule za bonde letu. Alikuwa mtu wa maneno machache, hodari wa kukata kitambaa, na kwa muda wote wa ujirani wetu sikuwahi kumsikia akiinua sauti, ila kwa kuku waliopanda juu ya meza yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya katikati ya wiki, saa nne asubuhi, jua limekwisha kukausha umande. Nilisikia ukelele mmoja, kisha kishindo, kisha kimya. Ni kile kimya kilichonifanya nivae viatu. Nilipofika uani kwa fundi, palikuwa na mtu amelala ubavu, kipaji cha uso wake kimebonyea upande wa kulia, na panga lake liko karibu na kiganja. Nilimfahamu: mwanamume wa ukoo mkubwa wa ng'ambo ya barabara, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyependwa. Fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wake. Mkono wa kushoto alikuwa ameukunja kifuani na kuuzungushia kitambaa cha sare, kile cha kijani, ambacho sasa kilikuwa cheusi kwa damu.

"Jaduong'," aliniita, kama sisi Wajaluo tunavyomwita mzee wa heshima, "huyu mtu amekufa?"

Niliinama nikamgusa shingoni. "Amekufa."

"Aliingia na panga. Niliinua mkono. Mimi nilikuwa napiga pasi tu." Akatazama kiganja chake cha kulia kana kwamba si chake. "Nipeleke polisi kabla ndugu zake hawajafika. Tafadhali."

Kabla ya kuondoka nilitazama, kwa sababu kutazama ndiyo kazi niliyosomea. Mwimo wa mlango ulikuwa na chale mpya, ubao mweupe umefunuka, kimo cha uso wangu, na chale hiyo ilikatwa na mtu aliyesimama nje akielekea ndani. Damu ya fundi ilianzia ndani ya kizingiti. Pasi, ile nzito ya makaa iliyokuwa ya baba yake, ilikuwa chini, kifuniko kimefunuka, na makaa yake yametawanyika mstari mmoja kutoka mlangoni hadi begani kwa marehemu. Mengine yalikuwa bado mekundu. Yeyote aliyewahi kuishika pasi ya namna hiyo anajua kwamba ukiurusha mkono kwa nguvu, komeo lake hufyatuka na makaa huruka mbele yako.

Tulipanda pikipiki moja, dereva na sisi wawili, hadi kituoni. Askari aliyekuwa zamu alimsikiliza fundi, akamfunga pingu kwenye mkono ule mzima, kisha akanigeukia mimi.

"Mzee, uliwaona wakipigana?"

"La."

"Ulimwona huyu akimpiga yule?"

"La. Ila niliona..."

"Mzee, hapa tunaandika chenye uliona kikitendeka, si chenye ulifikiria baadaye. Hukuona. Asante sana, enda nyumbani."

Nami nilimheshimu kwa kauli hiyo! Maisha yangu yote nimewachukia watu wanaosimulia wasiyoyashuhudia. Nilidhani nimekutana na askari wa aina yangu, na nilirudi nyumbani nikiamini kwamba sheria ingekuja yenyewe na tepu ya kupimia, ipige magoti mlangoni pale, isome ubao na damu na makaa kama nilivyovisoma mimi. Gari lao lilikuja, likachukua maiti, panga na pasi, likaondoka. Hakuna aliyepiga magoti. Fundi alishonwa mkono katika zahanati huku akilindwa, na hakuna aliyemjazia ile fomu ya polisi inayoeleza majeraha ya mtu, kwa kuwa fomu hiyo, waliniambia baadaye bila haya, hujaziwa mlalamikaji, na huyu alikuwa mshukiwa. Jeraha lake lilikuwa nusu ya kesi nzima, na halikuandikwa popote.

Alasiri ile ile watu wa ukoo wa fundi walifika. Mimi nilisomeshwa na wamisionari na mambo haya nilikwisha kuyaacha, lakini nayajua. Kwetu, aliyemwaga damu, hata kwa bahati mbaya, halali tena katika nyumba yake mpaka atakaswe kwa dawa za mitishamba. Watu wake nao hawapaswi kula chungu kimoja na watu wa marehemu wala kuomba moto kwao, si kwa chuki, bali kwa kuogopa maradhi yanayosemekana huwafuata wote wawili. Basi walifunga nyumba, wakaegemeza tawi la miiba langoni, wakamchukua mke wa fundi na watoto wake watatu na kuwapeleka kwa wajomba wa fundi, Awendo, katika kaunti ya Migori. Mjomba ndiye anayempokea mtu wa namna hiyo. Hakuna aliyekimbia. Walikwenda mchana, kwa gari la kukodi, wakiwa na kuku wao na cherehani, na waliniaga.

Wiki iliyofuata ulimi wa kijiji ulianza kazi. Kwa nini marehemu alikwenda pale na panga? Mimi sijui mpaka leo. Nilihesabu sababu saba, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mtu aliyekuwepo. Ilikuwa mpaka wa shamba, ilikuwa mwanamke, ilikuwa suruali iliyoharibika, ilikuwa uchawi. Kwenye kinu cha kusagia mahindi nilimkuta mama mmoja akiwaeleza wenzake jinsi fundi alivyomwangusha marehemu kisha akammwagia makaa taratibu, akiwa hai, akimcheka.

"Ulikuwepo?" nilimuuliza.

"Jaduong', si kila mtu anajua?"

"Kila mtu ni nani? Nipe jina lake nikamuulize."

Wanawake wakaangua kicheko. "Ee, anataka jina la kila mtu! Mpeni tepu yake akawapime!"

Niliondoka na unga wangu nikiwa na hasira, lakini sikusema nilichokiona. Nilijiambia kwamba kinu si mahakama, na kwamba ukweli haupaswi kugombana na umbea mahali pa unga.

Fundi alifikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Homa Bay akashtakiwa kwa mauaji ya kukusudia. Wakili kijana aliyepewa na serikali akaomba dhamana. Jaji akaagiza afisa wa probesheni aende kijijini, aulize, aandike taarifa. Ndipo akaja kwangu binti mmoja mwenye umri wa mjukuu wangu mkubwa, viatu vyake vimejaa vumbi, daftari gotini. Alikuwa mwenye adabu, akakubali chai.

"Mzee, wewe ndiye jirani wa karibu zaidi. Unaweza kuniambia nini juu ya tukio lile?"

"Sikuwaona wakipigana, binti yangu. Nisichokiona sikisemi."

"Sawa. Na je, wewe ungependa arudi nyumbani akisubiri kesi yake?"

"Kupenda kwangu si ushahidi."

Akatabasamu, akaandika. "Kuna lingine lolote, mzee?"

"Hakuna."

Neno hilo moja ndilo ninalolijutia kuliko maneno yote niliyowahi kuyasema kwa sauti. Nilisimama barazani nikamtazama akishuka hadi lango la fundi. Alilitazama tawi la miiba, akachungulia ua uliomea magugu, akamsimamisha mpita njia, akamuuliza jambo, akaandika tena. Hatua mia moja na arobaini. Ningeweza kuzishuka na kumwonyesha ule mwimo. Nilirudi ndani kumalizia chai.

Siku ya uamuzi nilikwenda mjini, nikaketi benchi la nyuma. Fundi aliletwa kizimbani, mkono wa kushoto umening'inia kwenye bendeji chafu, vidole vimevimba. Jaji alisoma kwa sauti ya upole, na kila sentensi ya taarifa ile ilikuwa kweli iliyogeuzwa sura. Nyumba ya mshtakiwa imeachwa, haina mtu. Familia yake imehamia kaunti ya Migori, isiyo mbali na mpaka wa Tanzania, hivyo mshtakiwa anaweza kuvuka akapotea. Familia ya marehemu inasema haiwezi hata kula pamoja na watu wake, jambo linaloonyesha uhasama mkubwa na hatari kwa maisha yake. Wakazi wanaeleza kwamba marehemu alichomwa makaa. Na jirani wa karibu zaidi, mzee aliyesoma na mwenye kuheshimiwa, hakuwa tayari kumtetea.

Nilisimama. Sikujua kwamba nimesimama mpaka karani aliponiashiria kwa kalamu yake niketi.

Dhamana ilikataliwa. Wakati akirudishwa rumande, fundi alinitazama. Hakunilaumu kwa macho. Alinisalimu kwa kichwa, kama mtu anavyomsalimu mzee wake njiani.

Nilipomsimulia mke wangu jioni hiyo, aliacha kuchambua mboga.

"Wewe na kuona kwako!" alisema. "Mlango uliuona. Makaa uliyaona. Mkono wa mtu unavuja damu uliuona, ukapanda naye pikipiki. Kitu gani hukuona? Pigo moja tu! Na kwa hilo moja umeyafukia yote. Yule mama wa kinuni, ambaye hakuona kitu, ameandikwa kwenye karatasi ya jaji. Wewe uliyeona, umeandikwa kuwa umemkataa."

Alikuwa amesema kweli, na katika ndoa yetu jambo hilo si geni.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ghadhabu ambayo sijaweza kuiweka chini, na sitaki kuiweka chini. Sisemi kwamba kila anayedai kujitetea aachwe aende zake. Binadamu amekufa, mama wa marehemu naye alilia, nami nilikwenda mazishini. Kama fundi angempiga mtu yule mara ya pili akiwa amekwisha kuanguka, au angemfuata barabarani akikimbia, mimi mwenyewe ningesema ashtakiwe, na kwa kosa kubwa. Kujitetea huishia pale hatari inapoishia. Lakini maswali hayo yana majibu, na majibu yake yalikuwa uani, yamelala juani: nani alileta silaha na nani alikutwa na kazi yake mkononi, damu ya kwanza ilidondoka upande gani wa kizingiti, mapigo ni mangapi. Daktari aliyeipasua maiti alikuta pigo moja. Moja! Serikali ilikuwa na karatasi hiyo katika faili yake siku ilipoandika neno "kukusudia". Ilishtaki kwanza ili ichunguze baadaye, kwa kuwa ukoo wa marehemu ni mkubwa na kushtaki kunatuliza watu. Kumfunga mtu ili wengine watulie ni kuogopa, wala hakuna kifungu cha sheria kinachoita hofu hiyo haki.

Na dhamana je? Katiba yetu inasema mshtakiwa aachiliwe kwa dhamana isipokuwa kuna sababu nzito. Nimeisoma mwenyewe, sikuambiwa. Sababu nzito, kwa akili yangu, ni kitu kinachoweza kushikwa na kupimwa. Badala yake tulimpelekea jaji tawi la miiba, chungu kisicholiwa pamoja, umbea wa kinuni, na kiburi cha mpima ardhi mzee. Yule binti simlaumu sana. Aliandika alichoambiwa, na hakuna mtu wa bonde zima aliyemweleza kwamba nyumba ile ilifungwa kwa desturi. Sisi tulidhani kila mtu anajua.

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa ofisini kwa yule wakili kijana, chumba kimoja juu ya duka la vyuma. Nilimweleza yote, nikamchorea ua kwa penseli, na vipimo.

"Mzee," alisema, "hayo yote ulikuwa nayo tangu siku ya kwanza?"

"Nilikuwa nayo."

"Na uliyaweka wapi?"

Nilistahili swali lile.

Tulikwenda naye Lambwe. Kwa sababu ya ile ile desturi iliyomponza fundi, hakuna mkono uliokuwa umegusa nyumba. Tawi lilikuwa pale, mvua mbili zilikuwa zimefuta makaa na damu, lakini chale ya mwimoni ilikuwa palepale, ubao wake umeanza kugeuka kijivu. Wakili alipiga picha, mimi nikashika rula kando yake. Kisha tulikwenda Awendo, wajomba wakaapa mbele ya wakili kwamba wanampokea mtoto wa dada yao kama desturi inavyotaka na kwamba hakuna aliyetoroka. Mimi niliapa hati yangu kurasa tatu. Sikuandika hata sentensi moja juu ya pigo lenyewe.

Nilimtembelea fundi rumande kabla ya kesi kurudi. Alinyoosha mkono juu ya meza. Jeraha lilikuwa limefunga juu na kuoza chini. Kidole cha mwisho na cha pete vilikuwa baridi.

"Daktari wa huku anasema nipelekwe hospitali kubwa, kuna mshipa wa kuunganishwa," alisema. "Kila wiki wanasema gari halina mafuta. Jaduong', mkono wa kulia ndio unaokata, lakini huu ndio unaoongoza kitambaa. Huu ukifa, mimi si fundi."

Ndiyo maana dhamana haikuwa jambo la starehe. Alihitaji kutoka ili mshipa wa mkono wake uunganishwe.

Mahakamani kiongozi wa mashtaka aliuliza kile ambacho mimi ningeuliza kama ningekuwa yeye. "Shahidi huyu aliulizwa na afisa wa probesheni kama ana lingine. Alisema hana. Leo ana kurasa tatu. Tuamini lipi?"

Jaji alinitazama juu ya miwani yake, akaniruhusu kujibu.

"Yote mawili, Mheshimiwa," nilisema. "Sikuliona pigo, na leo pia sijaliona. Niliulizwa kama kuna lingine, nikasema hakuna. Hilo lilikuwa kosa langu, wala si la mshtakiwa, na yeye ndiye aliyelilipia miezi saba."

Dhamana ilitolewa wiki mbili baadaye. Masharti yake: aishi kwa wajomba zake Awendo, asikanyage Lambwe mpaka mashahidi wote wasikizwe, aripoti kituoni kila mwezi, na awe na mdhamini mwenye ardhi. Nilitoa hati miliki ya shamba langu. Shtaka lenyewe halikuondolewa. Lipo hadi leo kama lilivyoandikwa siku ya kwanza, na kesi imeahirishwa mara mbili tangu hapo.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Malori ya miwa yalikuwa yakipita mbele ya boma la mjomba, yakiacha mabua barabarani. Alikuwa ameketi kwenye cherehani yake barazani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wiki ya kwanza baada ya kutoka, na daktari alimwambia wazi kwamba angeletwa mapema, vidole vile viwili vingepona. Sasa vimekunjika na havihisi. Alinionyesha: akasukuma kitambaa chini ya sindano, mshono ukaenda sawa kiasi cha shubiri moja, kisha ukapinda. Akaufumua. Akajaribu tena.

"Mke wangu ndiye anaunga mikono ya mashati," alisema. "Mimi nakata. Wateja hawajui."

Akaanza tena kuufumua kwa meno mshono uliopinda. Kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Jaduong', siku ile yule dada alipokuja kwako. Kwa nini hukumwambia juu ya mlango?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu mahakamani, na maandalizi yote yakanitoka. "Nilitaka kuwa mtu asiyekosea," nilisema. "Nilijali hilo kuliko nilivyokujali wewe."

Aliendelea kufumua uzi kwa meno. "Hasira ninayo," alisema hatimaye. "Sikufichi. Lakini wengine walisema uongo. Wewe ulinyamaza, halafu ukarudi." Akaupuliza uzi kutoka mdomoni. "Siku ya kesi utasema yote?"

"Nitasema niliyoyaona."

"Yote? Hata wasiyokuuliza?"

"Hata wasiyoniuliza."

"Na wakikukatiza, kama yule askari?"

"Nitaanza upya kutoka mlangoni," nilimwambia, "na watanisikiliza mpaka nimalize, au waniweke ndani kwa kuidharau mahakama."

Alicheka kidogo. "Basi uje na dhamana yako mwenyewe, Jaduong'," alisema, akaweka kitambaa kingine chini ya sindano.